Majirani wanasubiri sahihi yangu, na mimi naficha siri ya usiku mmoja

Mshauri,

Sijui umri wako, kwa hiyo sijui nani kati yetu amwamkie mwenzake. Pokea salamu tu.

Nina miaka 74. Mimi na mume wangu tunaishi kwenye makazi ya wastaafu, mwaka wa sita sasa. Tuliingia kwa hiari yetu, hakuna mtoto aliyetusukuma. Nyumba ilikuwa imetushinda: ngazi, bustani, mabomba yanayovuja. Tukaiuza, tukalipa kiingilio, na tangu hapo kila mwezi tunalipa ada ya huduma. Pensheni isipotosha, kijana wetu mkubwa anaongezea.

Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa nikiwaambia rafiki zangu kwamba tumechelewa kuja. Palikuwa na bwawa la maji ya uvuguvugu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, chumba cha kusomea, na usiku wahudumu wanne. Daktari alimwambia mume wangu atembee majini mara tatu kwa wiki kwa ajili ya magoti, na alikuwa akienda bila kukumbushwa, taulo begani kama kijana.

Halafu uongozi ukabadilika. Siwezi kukutajia siku mambo yalipoharibika kwa sababu hayakuharibika kwa siku moja. Mtaalamu wa mazoezi aliondoka, hakuletwa mwingine. Chumba chake kimejaa viti vibovu. Bwawa likafungwa "kwa muda". Lifti ya jengo letu imebandikwa karatasi ya matengenezo, na tarehe ya kumalizika imekatwa kwa kalamu na kuandikwa upya mara tatu. Mara ya nne waliikata tu, hawakujisumbua kuandika nyingine. Wahudumu wa usiku wakawa watatu, kisha wawili. Ada nayo imepanda mara mbili.

Jirani yetu mmoja, mkuu wa shule mstaafu, ameandika barua ya malalamiko ya kurasa nne. Imepita mlango kwa mlango na ina sahihi 31. Yangu haimo. Kurasa mbili nzima ni bwawa, bwawa, bwawa, jambo ambalo mimi naliona ni anasa ukilinganisha na mengine. Lakini sababu yangu siyo bwawa. Ukurasa wa tatu una mstari huu: "Mhudumu wa usiku wa jengo letu ni mzembe, haitikii kengele, tunaomba aondolewe." Jina halikutajwa, ila kila mtu anajua ni nani.

Namjua binti huyo. Akipita usiku anavua viatu na kuvishika mkononi ili asituamshe. Ni yeye peke yake ambaye mume wangu anakubali amkate kucha. Si mzembe.

Sasa nikueleze nisichomweleza mtu. Wiki tatu zilizopita, saa 9 usiku, mume wangu alianguka bafuni. Nilibonyeza kengele, taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Nilijaribu kumwinua nikashindwa. Nikamwekea mto chini ya kichwa, nikamfunika blanketi, nikakaa naye sakafuni. Binti alipofika alikuwa akihema, amepanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu. Mwenzake hakuja zamu. Alikuwa peke yake na wakazi 46, na huko chini alikuwa na mgonjwa anayetapika.

Tulimwinua mume wangu pamoja. Alikuwa na uvimbe kisogoni, hakutoka damu. Binti akachukua daftari la matukio, mkono unamtetemeka, akasema: "Mama, nikiandika hili watasema nimechelewa, na onyo moja ninalo tayari." Mimi ndiye niliyemwambia alifunge. Hakuniomba, nataka ujue hilo.

Wala nisijifanye nina huruma kuliko watu wote. Nilikuwa na langu. Mume wangu ameanza kusahau. Anaacha bomba wazi, anauliza jambo moja mara tano. Namfunika: nikisikia anaulizwa swali na mhudumu, namjibia. Hapa mtu akionekana hajimudu anahamishiwa jengo la uangalizi, upande wa pili wa bustani, na mwenzi haruhusiwi kulala huko. Tumelala chumba kimoja miaka 49. Lile daftari nililiogopa kuliko alivyoliogopa binti.

Tangu usiku ule analala sana mchana na anachanganya siku kuliko zamani, ila umri ndio huo. Jambo moja tu limenishangaza. Asubuhi ile nilikuwa namfunga vifungo vya shati, akasema ghafla, "Arobaini na mbili." Nikamuuliza arobaini na mbili nini. "Dakika. Nilikuwa naiangalia saa ya ukutani." Maisha yake yote alikuwa fundi saa.

Kijana wetu anasema, "Mama, msiingie kwenye vita vya watu. Mkifukuzwa mtakwenda wapi?" Barua inapelekwa mwisho wa mwezi. Mwalimu akikutana nami kwenye ngazi ananitazama kama msaliti. Nikitia sahihi nimemsaliti binti. Nisipotia nimewasaliti wenzangu 31. Nikisema ukweli wote nampoteza mume wangu. Nifanyeje?

Mama wa ghorofa ya tatu

*

Shikamoo mama. Mimi ni mdogo kwako, kwa hiyo hilo la nani amwamkie mwenzake tumelimaliza.

Kabla sijagusa barua ya majirani, kuna sentensi uliyoipita haraka nami siwezi kuipita. Mzee aliumia kisogo, akavimba, na tangu hapo analala mchana na kuchanganya siku. Inawezekana ni kule kusahau kwake kunaendelea tu. Lakini kwa watu wa umri wenu, pigo la kichwa linaweza kuacha damu ikivuja polepole kati ya ubongo na fuvu, na dalili zikachelewa siku nyingi, hata wiki kadhaa: usingizi usio wa kawaida, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, kuyumba, upande mmoja wa mwili kulegea. Hatari inazidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mimi si daktari. Naomba umpeleke kwa daktari leo, na umweleze waziwazi kwamba alianguka, siku gani, saa ngapi, na nini kimebadilika tangu hapo. Akitapika, au ukipata shida kumwamsha, hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Daktari hatakuuliza kama daftari liliandikwa.

Ukitoka huko, rudi tukae.

Nikikusoma vizuri, umebeba furushi moja lenye mambo matatu: binti usiyetaka afukuzwe, majirani usiotaka wakuone umewatenga, na mume usiyetaka mtenganishwe. Yameshikana kwa sababu ya usiku ule, lakini hofu zake hazifanani, na nadhani moja inajificha nyuma ya nyingine mbili.

Nianze na binti. Unasema ukitia sahihi umemsaliti. Kwa ule mstari wa ukurasa wa tatu, nakuelewa, hata mimi kalamu ingenigoma. Ila nikuulize: ukimya umemlinda na nini hasa? Fungua lile daftari kama atakavyolifungua meneja. Usiku ule unaonekana ulikuwa shwari. Mhudumu mmoja, wakazi 46, hakuna lililotokea. Meneja akiulizwa kwenye mkutano kama mhudumu mmoja anatosha, atasema anatosha, na atakuwa na daftari la kuonyesha. Siku mwingine akianguka, kwenye chumba ambacho hakuna mke wa kuweka mto, atakayeitwa kujieleza ni binti huyo huyo, na hatakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba amekuwa akiachwa peke yake. Ulilifunga daftari kwa mapenzi, sina shaka. Lakini tangu lilipofungwa, wanaopanga zamu hawana wanachoulizwa.

Na wale 31, una hakika wanajua alikuwa peke yake? Mtu akiwa kitandani, taa nyekundu inawaka na hakuna anayekuja, mhudumu mzembe na mhudumu aliyeelemewa hawatofautiani. Wote hawaji. Mwalimu aliandika alichokiona kutoka kitandani kwake. Wewe umemwona binti akifika anahema.

Hapo naona mlango, sijui kama utaupenda. Unaweza kumwendea Mwalimu, ukiwa na muda na si pale kwenye ngazi, ukamwambia kwamba mengine yote uko tayari kuyatia sahihi, kinachokukwaza ni mstari ule mmoja. Pendekeza mahali pake pawe na maswali. Usiku kunatakiwa kuwa na wahudumu wangapi, na kwa kweli wanakuwepo wangapi? Mmoja asipokuja, nani anaitwa? Lifti ikiwa mbovu, mkazi wa ghorofa ya tatu anafikiwa vipi? Kengele inajibiwa baada ya dakika ngapi? Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa kuwa mifumo mingi ya kengele za umeme huhifadhi saa iliyobonyezwa na saa iliyozimwa, na wakazi wanaweza kuomba waonyeshwe kumbukumbu hizo. Ombi la kumwondoa mtu ni rahisi kwa uongozi kulitimiza: wanamwondoa, wanaleta mwingine, naye anaachwa peke yake na watu 46, na barua yenu imejibiwa. Maswali hayo hayajibiki kwa kumfukuza mtu.

Ugumu upo. Barua iliyokwisha tiwa sahihi haibadilishwi kimyakimya. Itabidi izunguke tena milango yote, na Mwalimu anaweza kuchoka au kuona unamharibia kazi. Unaweza kuandika barua yako mwenyewe kando. Lakini uongozi ukipata barua mbili kutoka jengo moja unaweza kusema wakazi hawajakubaliana wenyewe kwa wenyewe, na shauri likaishia hapo. Pima, wewe ndiye unayewajua hao watu.

Nina ugomvi mdogo na wewe kuhusu bwawa, uniruhusu. Umeliita anasa. Aya chache juu yake ulikuwa umeniambia daktari alimwandikia mzee kutembea majini mara tatu kwa wiki, na kwamba alikwenda mwenyewe taulo begani. Maji hubeba uzito wa mwili, ndiyo maana mtu mwenye magoti mabovu huweza kuyafanyia kazi humo bila maumivu ya nchi kavu. Misuli ya mapaja kwa mzee asiyefanya mazoezi hupungua upesi, na hiyo ndiyo inayomshika anapoinuka kwenye choo saa 9 usiku. Shirika la Afya Duniani linahesabu takriban watu 684,000 wanaokufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wengi. Huenda mzee angeanguka hata bwawa likiwa wazi. Lakini ukipanga mambo kwa mfuatano wake, bwawa limefungwa, mtaalamu wa mazoezi kaondoka, lifti imekufa, wahudumu wamepunguzwa, naona njia moja inayoishia kwenye sakafu ya bafu yenu. Kurasa mbili za Mwalimu pengine zinakuhusu kuliko ulivyodhani. Labda kasoro yake ni kwamba ameandika kama mtu aliyenyimwa kuogelea, na hakuna aliyemwambia habari za magoti.

Sasa ile hofu iliyojificha. Haimo kwenye barua ya majirani hata kidogo: ni lile jengo la upande wa pili wa bustani. Nami nauliza kwa upole, kwa sababu najua naligusa donda. Hayo ya mwenzi kutoruhusiwa kulala huko, umeyasoma kwenye mkataba wenu au umeyasikia koridoni? Mikataba ya makazi kama hayo inatofautiana sana. Utafute wako, usome, au umpe mtu unayemwamini akusomee, hasa sehemu inayoeleza nani anaamua mkazi ahamishwe, kwa kipimo gani, kama kuna nafasi ya kupinga, kama mhudumu wa ziada anaweza kuletwa chumbani kwenu kwa malipo, na kiingilio chenu kinakuwaje mkiamua kuondoka. Kijana wenu anaposema "mkifukuzwa", muombe naye akuonyeshe kifungu kinachoruhusu mtu kufukuzwa kwa kulalamika. Anawapenda, ndiyo maana anaogopa, ila hofu yake isigeuke kuwa mkataba.

Huenda ukakuta ni kweli kabisa, imeandikwa hivyo ulivyosikia. Hilo litauma, wala sitakuambia kwamba kujua ni bora kuliko kutojua; kwa miaka 49 unajua mwenyewe unavyoweza kubeba mambo. Ninachoona ni kwamba mazungumzo haya yatakuja tu. Yakija mzee akiwa mzima, mnakaa mezani na kudai mnachotaka. Yakija amevunjika nyonga, yanaamuliwa na watu wengine, kwa haraka, wewe ukiwa kwenye benchi la hospitali. Halafu kusahau kwenyewe hakujapimwa. Si kila kusahau ni kule kusikorudi nyuma. Dawa zinazogongana, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, hata huzuni, vyote vinaweza kumchanganya mzee, na vingi vinatibika. Kwa kumjibia maswali umemlinda asigundulike, na daktari naye hakupata nafasi ya kugundua.

Kuhusu kulipiziwa, hofu yako siyo ya kizee wala ya kuwazia. Marekani, sheria ya mwaka 1987 kuhusu nyumba za uuguzi iliwapa wakazi haki ya kuunda mabaraza yao na ya kulalamika bila kulipiziwa kisasi. Isingeandikwa kama watu hawakuwa wakilipiziwa. Sheria hiyo haigusi kila aina ya makazi ya wastaafu hata huko kwao, na ya mahali pako ni ya kuuliza. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wazee za mwaka 1991 zinasema mzee anayeishi kwenye kituo chochote cha matunzo abaki na haki ya kuamua juu ya matunzo yake na namna anavyoishi. Kanuni hazina polisi, lakini zinafaa kunukuliwa kwenye barua. Sahihi 32 pia ni ngumu kulipiziwa kuliko moja. Na mahali penye mamlaka ya ukaguzi wa makazi ya wazee, malalamiko yanaweza kufika huko uongozi usipojibu, ndiyo maana nakala ya kila barua mnayopeleka na tarehe yake iwe mikononi mwenu.

Kabla ya neno lolote kuhusu usiku ule kwenda kwa mtu mwingine mbali na daktari, zungumza na binti. Ni kazi yake iliyo hatarini, naye ana haki ya kulisikia kwako kwanza. Mwambie unavyoona, umsikilize anavyoona. Anaweza kuchagua kuliandika sasa kwa kuchelewa, akiweka tarehe ya leo na kueleza kwamba alikuwa peke yake, wewe ukiandika maelezo yako kando, na useme wazi kwamba wewe ndiye uliyemwambia alifunge. Inaweza kumletea onyo la pili, sitalifunika hilo. Anaweza kukataa kabisa, na utakuwa umemwachia uamuzi ulio wake. Sijui atachagua nini. Nahisi naye amebeba usiku ule peke yake, anapanda ngazi zenu kila siku akijiuliza kama utasema.

Kuna mtu mmoja kwenye barua yako ambaye hajaulizwa chochote. Binti amesema, Mwalimu amesema, kijana amesema, wewe umesema kwa niaba ya wote. Mzee anafungwa vifungo. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha utafiti kuhusu makazi ya wazee. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa maamuzi ya maisha yao ni yao, kila mmoja akachagua mche wa kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa miche wakaambiwa wauguzi wataimwagilia. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, na wenye furaha zaidi. Walichoongezewa ni kuchagua na kutunza wenyewe, na maneno machache.

Wako aliachwa sakafuni usiku, kichwa kimegonga, akatafuta saa ukutani na kuihesabu. Anayesahau bomba amekumbuka dakika 42 hadi asubuhi, akakwambia bila kuulizwa. Mkitoka kwa daktari, akiwa ametulia, mweleze kuhusu barua ya Mwalimu, ule mstari na lile daftari. Halafu muulize ile hesabu yake angependa iandikwe wapi.